Mchezaji Namba Kumi na Moja

Sehemu ya tisa

Tulipoachana wiki iliyopita pedi ya kuchezea gemu ilikuwa imemdondoka Emerensiana sakafuni, na wewe msomaji wangu ukabaki unanung'unika kwamba nimekata pabaya. Haya, sogea tuendelee. Hata yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kupumua.

Kama gazeti hili umelikuta mezani kwa fundi cherehani na hujui tulikotoka, habari ni hii. Emerensiana ni mjane wa miezi mitano. Mumewe, Dominick, alikuwa na banda la gemu pale njia panda ya Mingoyo, lenye televisheni ya inchi sabini na tano, na ndani yake gemu za kizamani tupu, zile za pleisteshen ya kwanza. Pleisteshen yenyewe ilishakufa siku nyingi. Dominick aliitilia kompyuta programu ya kuigiza, kompyuta ikajiona nayo ni pleisteshen, na watu wazima wenye vitambi wakawa wanatoka hadi Lindi mjini kuja kucheza mpira walioucheza wakiwa shule ya msingi.

Mwezi wa nne moyo wa Dominick ulisimama akiwa anafunga mlango wa banda. Toka siku ya mazishi hakuingia mtu humo, isipokuwa binti yao Fortunata, aliyepewa ufunguo awe anakwenda kufagia. Jumatano hii alasiri Emerensiana alijikaza akaja mwenyewe. Alitaka kuiona timu ambayo marehemu hakumruhusu mteja yeyote kuigusa.

Timu iliitwa NYUMBANI. Gemu ile inakuruhusu kumbadilisha mchezaji jina, umri, urefu, nywele, hata mguu anaopigia, basi Dominick alikuwa ameishusha familia nzima uwanjani. Golini yupo Kondo, rafiki yake na mtani wake, kapangwa golini kwa makusudi kwa sababu hadaki kitu. Beki wa kati ni Marietha, mama yake mzazi, kapewa upara na urefu wa mita mbili. Namba kumi ameandikwa EME, nahodha, na huyo ndiye Emerensiana.

Fortunata hakuwemo. Ana miaka kumi na miwili, na gemu ile haipokei mchezaji aliye chini ya miaka kumi na tano. Mwaka jana alilia sana, baba yake akamwambia asubiri, umri hauhongeki.

Na winga ya kushoto, namba kumi na moja, alikuwepo mtu anaitwa JEROME. Miaka kumi na saba. Magoli arobaini na moja, wakati nahodha mwenyewe hana hata kumi.

Katika nyumba ile hakuna Jerome. Katika ukoo mzima wa Dominick, toka Mingoyo hadi Kikole, hakuna Jerome.

Emerensiana aliiokota pedi akamfungua huyo mtu. Televisheni kubwa haina siri: sura za wachezaji wa zamani hugeuka vimraba vimraba, na Dominick alikataa katakata kuitanua picha ijae kioo, akisema watu watanenepa, kwa hiyo pembeni kulibaki mabango mawili meusi. Katikati ya weusi ule alisimama kijana mwembamba, nywele fupi, masikio makubwa kidogo. Mguu: kushoto.

Akaanza kuhesabu kurudi nyuma. Miaka kumi na saba iliyopita, mwaka 2008, yeye alikuwa na mimba ya kwanza. Uchungu ulimshika ndani ya basi, wakamshusha Kiranjeranje, akazalia kwenye zahanati ya hapo, damu ikamwagika akazimia. Alizinduka siku ya tatu akiwa hospitalini Lindi, akaambiwa mtoto hakukaa. Kwa hiyo mwaka aliokuwa anakojolea mpira wa hospitali, amelala chali na tumbo tupu, mumewe alikuwa anazaa na mwingine.

Na kila mwezi wa nane Dominick alikuwa anapanda basi kwenda Kiranjeranje, anakwenda asubuhi anarudi jioni. Eti anafuata spea. Watu wa njia panda walishasema ana nyumba ndogo huko, na Emerensiana alikuwa akiwajibu kwamba waangalie nyumba zao.

Mlangoni pakapigwa hodi. Alikuwa Kondo.

Huyu Kondo ni fundi redio, kibanda chake kinapakana na hilo banda la gemu. Ni Mmatumbi, Mwislamu wa swala tano, na utani wake na Dominick waliurithi kwa babu zao. Kwa kawaida hakosi neno. Alipotupa macho kwenye kioo, neno likamkosa.

"Huyu Jerome ni nani?" Emerensiana alimuuliza.

Kondo akasema amesahau bisibisi, anaifuata mara moja. Emerensiana akasimama mlangoni, na si mwanamke mdogo. Basi Kondo akaanza kuzunguka: kwamba yeye alilishwa yamini, kwamba si siri yake, kwamba kama kuna mtu wa kuulizwa ni mama mkwe. Kila alivyozidi kuzunguka ndivyo alivyozidi kumchoma, maana kama mama mkwe anajua, basi ukoo mzima unajua, na miaka yote hiyo wamekuwa wakila chungu kimoja na yeye huku wanamtazama.

"Nijibu moja tu, shemeji. Ni wa Kiranjeranje?"

Kondo alitazama chini. "Alizaliwa huko," akasema. "Zaidi ya hapo usinitume."

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na mimi ninayekusimulia sina wa kumlaumu. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungechemsha chai?

Emerensiana alirudi kwenye kioo. Alikuwa amemtazama mumewe akicheza kwa miaka mingi mno hata asijue pa kubonyeza. Alitafuta mahali pa kumrudisha mchezaji wa asili, yule Mzungu aliyekuja na gemu, mashine ikamuuliza kama ana uhakika, akabonyeza ndiyo. JEROME akatoka, akaingia mtu ambaye jina lake hata halisomeki. Kisha akasevu juu yake, kusudi pasibaki hata alama.

Kondo aliruka kuchomoa waya ukutani. Alichelewa.

Nisikufiche, Emerensiana alijisikia vizuri. Toka siku ya mazishi hajajisikia vizuri kiasi hicho. Raha yenyewe ilidumu dakika mbili, kisha Marietha akaingia.

Bibi huyu alikuwa amekuja kuuliza kama Fortunata amepita hapo akitokea shule. Kondo akamwamkia, shikamoo mama, naye akaitika marahaba bila kumtazama, kwa sababu alishamuona mkwewe alivyovimba uso. Akauliza kuna nini.

"Nimemfuta Jerome wenu," Emerensiana alimwambia. "Kama mama yake yuko hai, mwambieni aje achukue jezi."

Marietha alishika ukuta, akateremka nao taratibu mpaka akakaa chini, katikati ya nyaya. Mwanamke wa miaka sabini na mbili kukaa chini kwenye saruji namna ile, Kondo alidhani presha imempanda. Akamletea maji. Hakuyanywa.

"Nani kakutajia hilo jina?" aliuliza.

Emerensiana akasema hakutajiwa na mtu, kalisoma hapo ukutani.

"Basi kakiuka kiapo," bibi akasema, kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Hakukiuka. Mwanangu hakulitamka. Aliliandika tu."

Halafu akasema maneno ambayo ningependa uyasome ukiwa umekaa.

"Hakuna mwanamke mwingine, Eme. Jerome ni wako. Ulizaa mtoto wa kiume, akakaa duniani saa moja na nusu."

Emerensiana alikuwa amesikia, lakini maneno yalikuwa bado hayajafika.

Marietha akaeleza yote palepale chini. Kwamba siku ile Kiranjeranje, wakati wanahangaika na damu ya mama, mkunga alimuona mtoto pumzi yake inakatika, akamwambia Dominick kama ni Mkristo afanye haraka. Katika hatari ya kufa Mkristo yeyote anaweza kubatiza, hata kwa maji ya kunywa. Dominick alichukua kikombe cha mkunga, akamwagia mwanawe kichwani, akamwita Jerome, jina lililomjia kwanza. Wakamzika jioni hiyohiyo, gari likiwa limeshamchukua Emerensiana kwenda Lindi hana fahamu.

Na katika ukoo wa kina Dominick mtoto ambaye hajatolewa nje hawekewi matanga. Mama yake haambiwi alizaa wa kike au wa kiume. Haonyeshwi kaburi, hapewi jina. Waliokuwepo wanakula kiapo, mkono ukiwa kwenye udongo mbichi. Sababu ni moja tu: mama akilijua jina, ipo siku atamwita. Na mtoto wa namna hiyo akiitwa na mama yake, husikia, hurudi, na harudi kukaa. Huja kumchukua aliyezaliwa nyuma yake.

"Nilimwapisha mimi," Marietha alisema. "Na wewe baadaye ukamzaa Fortunata. Ningefanyaje?"

Kiapo kile Kondo alikuja kulishwa miaka mingi baadaye, alipouliza swali la kizembe. Sasa, kwa kuwa mwenye kiapo keshafungua kinywa, naye akafungua chake. Alisema toka siku banda linafunguliwa Dominick alikuwa hamchezeshi namba kumi na moja. Watu wanamuuliza mbona unamweka benchi winga, anajibu mwenyewe hajafika umri. Walidhani ni utani. Alisubiri miaka na miaka. Mwaka juzi, mwezi wa nane, alifunga banda siku nzima mteja asiingie, akakaa peke yake na pedi anachagua pua, anachagua masikio, anafuta anaanza tena. Jioni Kondo alipopenya alimkuta macho mekundu na kijana yuko uwanjani.

"Nikamuuliza mbona umempa mguu wa kushoto, mawinga wa kushoto hawana adabu," Kondo alisema. "Akanijibu mama yake ni wa shoto."

Emerensiana akautazama mkono wake wa kushoto. Ndio uliobonyeza.

Jamani, yapo mambo mtu hayawezi. Mwanamke huyu hakupiga kelele. Aliketi kwenye benchi la wateja, akawa anaikunja na kuikunjua kona ya kanga yake. Miaka kumi na saba alikuwa hajui kama alizaa msichana au mvulana, akajizuia kuuliza kwa sababu walimwambia kuuliza ni mkosi. Leo mwanawe alikuwa amesimama mbele yake kwenye kioo cha inchi sabini na tano, ana uso, ana masikio, ana magoli arobaini na moja. Amemuona mara moja tu maishani, kwa nusu saa, na nusu saa yote hiyo alimtazama kwa chuki.

"Mrudishe," alimwambia Kondo.

Kondo alijaribu, usiseme hakujaribu. Alifungua huku akafunga kule, jasho likamtoka. Alichokisevu Emerensiana kilikuwa kimekaa juu ya kile cha zamani, na cha zamani hakipo. Akasema jina wanaweza kuliandika upya. Wakaliandika, herufi baada ya herufi, J, E, R, O, M, E, na Marietha kule chini akageuza uso asilione.

Jina lilirudi. Lakini aliyerudi nalo hakuwa yeye. Alikuwa ni yule Mzungu mwenye shavu pana, kavaa jina la mtu. Magoli sifuri. Kondo akampunguzia urefu, akamfupisha nywele, akampa mguu wa kushoto. Walipofika kwenye uso wakakwama. Kondo akasema nyusi zilikuwa nene, Emerensiana akasema hapana, zilikuwa nyembamba, zimeinama kidogo. Kondo akasema pua ilikuwa ya Dominick. Emerensiana hakuikumbuka pua. Hakuwa ameitazama.

Dominick alikuwa akiwaambia wateja kwamba gemu za zamani hazitazamwi kwa karibu, rudini nyuma vile vimraba viungane. Emerensiana alirudi nyuma mpaka mlangoni. Akatazama, akakunja jicho, akatazama tena. Alikuwa ni mtu baki.

Ndipo akakumbuka. Memori kadi. Ile ya kijivu, ndogo, ya ile pleisteshen iliyokufa. Dominick alikuwa na kifaa cha kuichomeka kwenye kompyuta, na kila baada ya muda anahamishia humo timu yake, kwa sababu haamini kompyuta. Ilikuwa inakaa kwenye kopo la karanga juu ya rafu. Akalishusha kopo. Lilikuwa na betri mbovu mbili na kalamu.

"Kondo, kadi iko wapi?"

Kondo alichuchumaa akajishika kichwa kwa mikono miwili.

Ngoja nikukumbushe siku ya mazishi, tuliisimulia sehemu ya pili. Unajua watani wakishika msiba. Kondo alikuja na wenzake, wakakamata jeneza mlangoni halitoki mpaka walainishwe, wakavaa mashati ya marehemu, wakaigiza anavyotembea. Kisha wakati wa kuaga Kondo akaingia hapa bandani, akatoka na kitu kidogo mkononi, akakitumbukiza kwenye mfuko wa koti la Dominick mbele ya padre na watu wote. Akamwambia nenda nacho, ukacheze peke yako, huku umeshatufunga vya kutosha.

Watu walicheka. Emerensiana naye alicheka, kicheko chake cha kwanza toka kifo, na akina mama walimshukuru sana Kondo kwa hilo.

"Ndiyo hiyo," Kondo alisema sasa. "Shemeji, ndiyo hiyohiyo. Nilikwambia mimi si mtu mzuri."

Akaanza kulia, mtu mzima wa miaka arobaini na nne. Ubaya wa utani ni kwamba hauombewi msamaha wala haukasirikiwi, basi hakuwa na pa kushika. Angetukanwa angepata nafuu.

Emerensiana hakumtukana. Alikaa tena kwenye benchi.

"Basi wako pamoja," alisema. "Baba kaenda na mwanawe mfukoni. Mimi ndio nimebaki nje."

Nje lori lilikuwa linakata kona kuelekea Masasi, bati likatikisika, likaacha. Marietha alikuwa bado chini, anahesabu kitu kwa vidole, anarudia kuhesabu, na midomo inamchezacheza. Kisha akauliza swali, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Eme. Hapo kwenye kioo alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Una hakika haikuwa kumi na sita?"

Emerensiana akasema ana hakika, ndiyo hesabu iliyomtia wazimu. Bibi akanyanyua uso. Alisema kumi na saba Jerome ametimiza mwezi wa nane huu uliopita, tarehe kumi na nne. Na Dominick wamemzika mwezi wa nne.

Kondo akaacha kulia. Alisema mwenyewe alimuona Dominick akiandika kumi na sita, mwaka jana, kwa mkono wake, na alikuwa haongezi mpaka siku yenyewe ifike.

Watu watatu wakatazamana. Marehemu haongezi mtu umri. Kuna mtu ameingia humu ndani, akampa Jerome mwaka wake.

Kondo akaruka kwenye kibodi. Alikuwa amekumbuka kitu ambacho kwa kihoro alikisahau. Programu ile ya kuigiza ina jambo ambalo pleisteshen yenyewe haikuwa nalo: inaweza kuugandisha mchezo popote ulipofika, hata mpira ukiwa hewani, na ukiurudia mwakani unaukuta mpira hewani palepale. Zipo nafasi kumi za kugandishia. Dominick hakuzitumia, alisema ni uchoyo kuikatalia mechi isiishe. Kondo akafungua ya kwanza, tupu. Ya pili, tupu. Akaenda hivyo hivyo mpaka ya nane.

Ya tisa ilikuwa na picha ndogo, na chini yake tarehe. Kumi na nne, mwezi wa nane, saa kumi alasiri.

"Bismillahi," Kondo alisema, akabonyeza.

Kioo kikawa cheusi chote, kisha kijani. Uwanja. Dakika ya themanini na tisa, NYUMBANI wako sare bila bila, na mchezo umesimama, hakuna anayepumua. Kwenye kibendera cha kona, upande wa kushoto, kijana mwembamba mwenye masikio makubwa kidogo alikuwa ameweka mpira chini. Jina lake lilikuwa limeandikwa pembeni. Ndani ya boksi, katikati ya mabeki, namba kumi EME alikuwa ameinua mkono anaomba mpira.

Emerensiana alisimama. Safari hii hakusogea karibu. Alirudi nyuma mwenyewe mpaka mlangoni, vile vimraba vikaungana, akaiona pua. Ilikuwa ya Dominick kweli. Nyusi alizisema sawa yeye, nyembamba, zimeinama.

"Huyo ni yeye?" Marietha aliuliza toka chini. Alikuwa ameshindwa kujizuia, ametazama.

"Ni yeye, mama."

Kondo akaeleza haraka, ulimi unamkwaza, kwamba humu ndani Jerome bado ni yule yule, hajafutwa, na pengine mechi ikiisha salama wanaweza kumsevu upya na magoli yake. Pengine. Yeye hana uhakika, Dominick ndiye aliyekuwa anajua. Inabaki kona moja tu. Akamnyooshea Emerensiana pedi. Naye akanyoosha mkono wa kushoto kuipokea.

"Mama, usimzime kaka."

Sauti ilitoka nyuma yake. Fortunata alikuwa amesimama kizingitini na sare ya shule, begi mgongoni, soksi zimejaa vumbi jekundu.

Nani asingemuuliza mtoto mbio mbio? Lakini Emerensiana hakuuliza kitu, na mtoto akasema mwenyewe. Kwamba mwaka jana alipokuwa analia anataka kuingia timu, baba yake alimpandisha basi wakaenda Kiranjeranje, akamwonyesha mahali, akamwambia hata kaka yako alisubiri mpaka kumi na tano. Kiapo kilimtaja mama, hakikumtaja dada. Baba alipokufa, mwezi wa nane ulipofika na hakuna wa kumkumbuka Jerome, yeye alikuja kufagia akamwongezea mwaka. Akamchezesha mechi moja ya kuzaliwa. Akaisimamisha kabla haijaisha, kwa sababu hakutaka iishe.

Alisema yote hayo huku akimtazama bibi yake, maana alijua wapi pana hatari.

"Na baba kaniachia maneno yako kwenye karatasi, mama," alimalizia. "Alisema nikupe siku utakayomwita kaka kwa jina lake. Nimekusubiri sana."

Marietha alinyanyuka kwa kasi ambayo usingeitegemea kwa umri wake. Alimshika Emerensiana mkono, akamvuta, akamsihi. Kumtaja si kumwita, alimwambia. Mpaka sasa umemtaja tu, hujamwita, bado tuko salama. Kwenye kioo yuko mmoja na mlangoni yuko mmoja, na wewe una mtoto mmoja tu aliyebaki. Usimwite, mwanangu. Nakupigia magoti.

Na kweli alipiga magoti.

Emerensiana alimtazama binti yake, soksi zile na vumbi lake. Alimpenda kiasi cha kuumwa. Aliogopa, usidhani hakuogopa. Hofu ya ukoo ule nayo ilikuwa imemlea miaka kumi na saba. Akamvuta Fortunata, akamshika begani kwa nguvu, akamgandisha ubavuni pake.

Kisha akageukia kioo, kule kwenye kibendera cha kona.

"Jerome," akaita.

Hakuita kwa sauti kubwa. Aliita kama mama anavyomwita mtoto anayecheza nje aje ndani ale, kisha akanyamaza akasubiri, kama kwamba kuna mtu wa kuitika.

Bibi akafumba macho. Kondo akaomba dua chini chini. Chini ya mkono wa Emerensiana, Fortunata alitetemeka mara moja, akatulia, kisha akaliteremsha begi la shule mgongoni na kuanza kulifungua.